Dawa ya Ziwa Jipe Iko Mlimani

Mwanafunzi wa sekondari akitajiwa maziwa ya Afrika ya Mashariki, fikira zake hukimbilia Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Si ajabu, kwani maziwa hayo yana kurasa zao katika kila kitabu cha jiografia. Lakini nchi zetu zina maziwa madogo pia, ambayo kazi yake katika maisha ya watu na ya viumbe wengine hailingani hata kidogo na udogo wake kwenye ramani. Mojawapo ni Ziwa Jipe, lililolala chini ya milima ya Upare ya Kaskazini, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Upande mmoja wake ni Wilaya ya Mwanga. Upande wa pili ni nchi ya Taveta, na sehemu ya ufuko huo imo ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi.

Ziwa hili linaugua. Kina chake kinapungua, matete yanalisogelea kutoka kila upande, na mdomo wa mto unaotoka humo unazibwa. Hayo yamesemwa mara nyingi, na kila yanaposemwa husikika shauri lile lile: yafyekwe matete. Nia yangu katika makala haya ni kueleza kwa nini shauri hilo, ingawa lina chembe ya ukweli, halitoshi, na kwa nini wale wanaolitegemea peke yake wanampoza mgonjwa homa huku malaria ikibaki mwilini.

Tuanze na njia ya maji. Ziwa Jipe hupata maji yake mengi kutoka mto Lumi, ambao huteremka kutoka upande wa mashariki wa Kilimanjaro na kupita karibu na mji wa Taveta. Vijito vya milima ya Upare huongeza kidogo, hasa wakati wa masika. Maji hutoka kwa mto Ruvu, ambao huanzia kwenye ncha ya kaskazini-magharibi ya ziwa, ukaizunguka milima ya Upare kwa upande wa kaskazini na kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. (Mwanafunzi asiuchanganye na Ruvu mwingine, ule wa Mkoa wa Pwani unaowapa maji wakazi wa Dar es Salaam. Ni mito miwili yenye jina moja, na mitihani mingi imekwisha kuwaponza watu kwa sababu hiyo.) Katika Nyumba ya Mungu, Ruvu hukutana na Kikuletwa, na kutoka hapo mto huitwa Pangani mpaka unapoingia Bahari ya Hindi.

Njiani maji hayo hufanya kazi. Mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu ilijengwa kwa uwezo wa megawati 8, ya Hale megawati 21, na ile mipya ya Pangani megawati 68. Sitaki kulipa Ziwa Jipe sifa isiyo yake: Kikuletwa ndio unaoleta sehemu kubwa zaidi ya maji ya bonde hilo. Lakini ziwa lina huduma ambayo mto peke yake hauwezi kuitoa. Hupokea mafuriko ya masika kwa pupa na kuyatoa polepole. Hupokea maji mekundu yenye udongo na kutoa maji yaliyotulia. Huduma hiyo haina mita wala ankara, na kwa hiyo ni rahisi kusahau kuwa ipo.

Ili kuelewa kwa nini Jipe ni dhaifu kiasi hiki, yafaa tulilinganishe na jirani yake, Ziwa Chala, lililo kwenye ubavu wa mashariki wa Kilimanjaro, nalo pia mpakani. Chala ni ziwa la kasoko. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 4 tu, lakini kina chake chapita mita 90, na kuta za kasoko hulizunguka kama ukingo wa chungu. Udongo wa mashamba hauna njia rahisi ya kuingia humo. Jipe ni kinyume chake kwa kila hali. Lina eneo la kilomita za mraba kama 30, lakini kina chake hakifiki mita 3. Chala ni mtungi. Jipe ni sinia.

Sasa wanafunzi wachukue kalamu. Maji yaliyo katika sinia hupotea angani upesi. Ziwa liko kwenye mwinuko wa mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, katika nchi kavu, yenye jua kali na upepo. Tuseme kwamba kila siku jua na upepo hunyanyua milimita 5 za maji kutoka juu ya ziwa. Kwa nchi ya namna ile hesabu hiyo haipiti kiasi. Kilomita za mraba 30 ni mita za mraba milioni 30. Zidisha kwa milimita 5, yaani mita 0.005, nawe utapata mita za ujazo 150,000 kwa siku moja. Kwa mwaka mzima ni karibu mita za ujazo milioni 55. Na ziwa zima lina maji kiasi gani? Tukilikadiria kina cha wastani cha mita 2, ni mita za ujazo milioni 60.

Jibu hilo lafaa kutazamwa mara mbili. Maana yake ni kwamba, kama Lumi, vijito na mvua vingekoma leo, jua peke yake lingeweza kulikausha karibu ziwa lote katika muda wa mwaka mmoja na miezi michache, bila hata tone moja kwenda Ruvu. Ziwa kama hili halina akiba. Linaishi kwa yale linayopata mwaka huu. Kila maji yanayochepushwa kutoka Lumi kabla ya kufika ziwani hayapunguzi ziada fulani iliyowekwa kando, bali hupunguza chakula cha leo. Na kwa kuwa mvukizo hauombi ruhusa wala haupunguzi madai yake, upungufu wote huangukia Ruvu. Mto ndio unaokosa kwanza.

Hesabu ya pili ni ya udongo. Mvua inaponyesha juu ya mteremko uliolimwa bila makinga, au juu ya malisho yaliyoliwa mpaka mizizi, matone hupasua udongo na maji huuchukua. Mto unapokuwa na kasi huubeba. Ukifika ziwani, kasi hupotea na udongo huzama. Ndivyo ilivyo kwa kila ziwa duniani. Lakini sentimita 1 ya tope katika Chala ni kitu kisichoonekana ndani ya mita 90. Katika Jipe, yenye mita 2, ni sehemu moja kwa mia mbili ya ziwa zima.

Wapo wanaosema kwamba basi tope lichimbwe. Haya, tuhesabu. Sentimita 1 juu ya kilomita za mraba 30 ni mita za ujazo 300,000. Lori linalobeba mita za ujazo 5 litahitaji safari 60,000 kuliondoa. Likiondoka lori moja kila baada ya dakika 10, usiku na mchana, bila Jumapili wala sikukuu, kazi itachukua zaidi ya siku 400. Nayo ni sentimita moja. Masika yafuatayo Lumi utaanza kuleta nyingine. Sijui hazina ya nchi gani itakayokubali kulipa gharama hiyo kwa ajili ya kazi isiyo na mwisho.

Hapo ndipo matete yanapoingia. Mmea unaolalamikiwa zaidi Jipe ni wa jamii ya tifa, wenye majani marefu na kichwa cha rangi ya kahawia kama soseji. Mmea huo hauelei kama gugumaji la Ziwa Viktoria. Unahitaji kushika tope kwa mizizi, na hauwezi kusimama katika maji ya kina kirefu. Basi kila mahali tope linapopandisha sakafu ya ziwa, mlango hufunguliwa kwa tifa. Mbolea inayooshwa kutoka mashambani hulinenepesha. Mbegu zake ni nyepesi, huenda na upepo. Na chini ya tope shina lake hutambaa na kuchipua mbali na mahali lilipoanzia. Likishakaa, hupunguza mwendo wa maji, udongo zaidi hutuama kati ya mashina yake, sakafu hupanda tena, na tifa husonga hatua nyingine mbele. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe. Lakini aliyeuanzisha si tifa.

Tena tusiulaani mmea huu kupita haki yake. Ukanda wa matete ufukoni huvunja mawimbi, huzuia tope lisitibuliwe na upepo, na humeza sehemu ya mbolea ambayo vinginevyo ingelisha mwani. Samaki wachanga hujificha humo wasiliwe. Ndege hutaga humo. Ziwa lisilo na matete hata kidogo lingekuwa na maji machafu zaidi, si safi zaidi. Kinachodhuru ni matete kulifunika ziwa na kuziba mdomo wa Ruvu, ambapo maji hurudi nyuma na kusambaa katika vinamasi, yakazidi kuvukizwa na jua.

Na hata kufyeka kuna elimu yake. Mashina ya tifa yaliyo topeni, ambamo hewa ya oksijeni ni haba, hupumua kwa kupitia majani: ndani ya majani mna vijia vyenye hewa, kama mrija, vinavyopeleka oksijeni chini. Anayekata majani juu ya maji huacha mirija wazi, na baada ya wiki chache shamba lote huwa limechipua upya. Anayekata chini ya uso wa maji, na kuhakikisha visiki vinabaki vimezama, huzamisha mirija, na shina la topeni hukosa hewa likaoza. Tofauti ya kukata kwa panga hilo hilo, na kwa jasho lile lile, ni shubiri chache tu. Nguvu kazi nyingi ya vijiji inaweza kupotea kwa kutoijua biolojia hiyo ya kidato cha pili. Basi yafyekwe, lakini chini ya maji, na kwanza kabisa kwenye mdomo wa Ruvu na kwenye njia za mitumbwi, si popote palipo karibu na barabara ili mgeni rasmi aone.

Nimesema juu ya maji na udongo. Kuna hasara nyingine isiyoweza kuhesabiwa kwa malori. Katika ziwa hili yumo perege ambaye sayansi humwita Oreochromis jipe, aliyeelezwa na mtaalamu wa samaki Rosemary Lowe mwaka 1955. Hapatikani kiasili mahali popote duniani nje ya bonde la Pangani. Leo yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Samaki wa kundi hili wana malezi ya ajabu: dume husafisha kiota cha mviringo sakafuni, jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai kinywani na kuyatunza humo mpaka vitoto vinapoweza kuogelea. Sakafu inayofunikwa na tope jipya kila masika si mahali pazuri pa kujengea viota. Juu ya hayo, katika bonde hilo waliletwa perege wa kutoka maziwa mengine, akiwamo yule wa Ziwa Viktoria, kwa nia njema ya kuongeza kitoweo. Perege wa aina mbalimbali huweza kuzaana, na mzao wa mchanganyiko huifuta aina asilia bila kelele wala mizoga. Mvuvi ataendelea kuvua perege, asijue kuwa mmoja wao amekwisha duniani.

Wanyama wengine wanajulikana zaidi. Viboko na mamba wamo ziwani. Tembo wa Tsavo hushuka kunywa wakati wa kiangazi, visima vya mbuga vinapokauka. Kati ya yungiyungi hutembea ndege mwenye vidole virefu kupita kiasi, ambavyo humwezesha kukanyaga jani bila kulizamisha. Wapo bata wadogo mno, na korongo weusi ambao hukunja mbawa zao kama mwavuli juu ya maji ili kuvua kivulini. Tembo anaweza kwenda kutafuta maji kwingine, na hapo huenda akapitia shambani kwa mtu. Perege hana pa kwenda.

Kama dawa iko mlimani, basi mlimani hasa wapi? Wengi hujibu upesi: theluji ya Kilimanjaro inayeyuka, ndiyo sababu mito inapungua. Theluji kweli inapungua, na yasikitisha. Lakini mchango wake katika mito ya mlima ule ni mdogo sana. Maji ya Kilimanjaro hutoka msituni: ukanda wa msitu ndio unaopata mvua nyingi, ndio unaochuja ukungu, ndio unaoyaingiza maji katika miamba ya volkano mpaka yatokeze tena kama chemchemi miguuni mwa mlima. Mwalimu anayewafundisha wanafunzi kwamba Lumi ni mtoto wa barafu anawaondolea wajibu bila kukusudia, kwa maana barafu hakuna mwanakijiji anayeweza kuilinda, ilhali msitu, kingo za mto na matuta ya shambani anaweza.

Nchi ile haihitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Wapare wana ndiva, yaani bwawa dogo la kijiji linalokusanya maji ya mfereji usiku kucha ili yafunguliwe asubuhi kumwagilia mashamba kwa zamu. Kila mwenye zamu anajua kwamba ndiva hujaa tope, na watu huitwa msaragambo kulizoa. Anajua pia kwamba mwenzake wa juu akilima mpaka ukingoni mwa mfereji, tope litakuja mara mbili. Wachaga nao wana mifereji yao yenye desturi za namna hiyo. Elimu hiyo yote ni elimu ya Ziwa Jipe kwa kipimo kidogo. Kilichokosekana ni kwamba ziwa ni ndiva isiyo na mwenye zamu: anayelima Rombo hamwoni mvuvi wa Jipe, na mvuvi wa Jipe hawezi kwenda kumshitaki kwa mzee wa mfereji.

Mpaka nao haujasaidia. Katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, mstari uliochorwa kutoka pwani ulipita upande wa mashariki wa ziwa na kulizunguka kwa kaskazini. Leo mpaka wapita ndani ya ziwa lenyewe. Samaki na tope havikupewa pasipoti. Serikali mbili zimekwisha kuyaweka maziwa ya Jipe na Chala pamoja na mto Umba katika mpango wa usimamizi wa pamoja, na hilo ni jambo la kupongezwa. Maoni yangu ni kwamba mpango wowote wa namna hiyo upimwe kwa swali moja tu: katika kila shilingi mia zinazotumika, ni ngapi zinazokwenda juu ya mto? Kama tisini zinaishia ufukoni, katika mashine, boti na ofisi, mpango huo umeshika mkia. Fedha ziende kwenye makinga na matuta, kwenye miti ya kingo za Lumi, kwenye mabanio ya umwagiliaji yanayofungika usiku badala ya kuacha maji yamwagike ovyo, kwenye malisho yenye zamu. Mkulima hawezi kuombwa aache kulima, wala haifai. Anaweza kuombwa asilime mita chache za mwisho kando ya mto, naye afidiwe kwa nyasi za ng'ombe zinazostawi hapo.

Kuna kazi moja ambayo haihitaji kungoja serikali yoyote, nayo yazihusu shule za sekondari za Mwanga na Taveta. Mabishano mengi juu ya Jipe hayaishi kwa sababu kila mtu anasema ziwa lilivyokuwa zamani, na hapana daftari la kumsuta au kumthibitisha. Shule inaweza kuwa na daftari hilo. Ubao wenye alama za sentimita, uliokazwa kwenye gati la wavuvi, husomwa mara moja kwa wiki. Kifuniko cha bati cha upana wa sentimita 20, kilichopakwa robo mbili nyeupe na robo mbili nyeusi na kufungwa uzito chini, huteremshwa kwa kamba yenye fundo kila sentimita 10. Mahali kinapotoweka machoni ndipo kipimo cha uangavu wa maji. Beseni pana lenye rula, lililowekwa uani mwa shule karibu na kipimamvua na kufunikwa wavu ili kuku wasinywe, litaonyesha kama zile milimita 5 nilizotumia hapo juu ni nyingi au chache. Na mwanafunzi atakayeona nimezidisha au nimepunguza ana haki ya kufanya upya hesabu yote. Chupa ya maji ya Lumi, iliyotekwa siku ya mvua na kuachwa itulie, huonyesha tope kwa milimita.

Walimu wasiwaingize wanafunzi majini. Mamba wa Jipe si wa hadithi, na kiboko ni mbaya zaidi. Vipimo vya katikati ya ziwa vifanywe na mwalimu akiwa na wavuvi wazoefu katika mtumbwi mzima, asubuhi kabla upepo haujaanza. Na shule za pande mbili zikubaliane kusoma siku moja, tuseme kila Jumamosi, na kubadilishana nakala za madaftari yao kila mwisho wa muhula. Mwanzo mzuri ni mwezi wa Oktoba, kabla ya vuli, maji yanapokuwa chini kabisa na mdomo wa Ruvu unapoonekana wazi, au usipoonekana.